Nazir na Askari Wake Wazuri

Jumapili, 7 Mei 2023

Nimekata simu. Nimemkatia mwanangu wa kumzaa! Lakini kanichosha.

Nazir kapiga saa tatu asubuhi kama kila Jumapili. Kwake Chiang Mai inakuwa saa mbili usiku, kashakula, kashiba, anatafuta pa kumwaga siasa. Thailand wanapiga kura Jumapili ijayo. Yeye hapigi, si nchi yake — kahamia tu alipostaafu, mwaka wa nne huu — lakini maneno anayo kuliko wenye kura zao. Eti vijana wamejazwa upepo na simu. Eti chama chao kikishinda wawekezaji watakimbia. Eti jeshi lina kasoro zake, Ma, sikatai, lakini tangu lichukue nchi miaka tisa iliyopita kumetulia, biashara zinakwenda, mtu unalala mlango wazi.

Nikamwuliza: kumetulia kwa nani?

Akacheka lile cheko lake la kunifanya mimi ndiye mtoto.

Nyuma yake akachungulia Cliff, yule Mkanada mwenzake wa Sudbury, mwekundu kama nyanya ya jua. Miaka sita yuko huko na chakula bado anaagiza kwa kidole. Naye anatoa hotuba: nchi yataka mkono mgumu, Mama! Nikamwambia mkono mgumu ni mtamu ukimpiga mwenzio.

Halafu wimbo wa kila Jumapili. Ma, umeshatia sahihi ile karatasi?

Karatasi ya kuhama. Shafina, dada yake, keshaijaza yote, imebaki sahihi yangu na tarehe. Nikimpa Ndegwa, msimamizi wa jengo letu, siku sitini niko nje. Nazir anataka nikaishi naye. Nyumba ina bustani, mama wa kupika yupo, theluji hakuna. Na mimi magoti yameshakubali bila kuniuliza! Lakini humu St. James Town nimekaa tangu mwaka tisini na mbili, kodi yangu ni ya enzi hizo. Nikitoka sirudi. Kwa kodi hii Toronto ya leo sipati hata choo.

Naandika Kiswahili kwa sababu wanangu hawakisomi. Kikachi, lugha yetu ya nyumbani, wanakisikia, Kiingereza ndicho wanachootea ndoto. Humu kwenye daftari hakuna wa kunicheka.

Jumapili, 14 Mei

Siku ya akina mama huku. Shafina kaniletea maua hadi chini, kapiga honi, kamkabidhi Ndegwa, kaondoka. Hana pa kuegesha. Haya.

Saa nne na nusu mlango ukagongwa kama nyumba inaungua. Pranee, jirani yangu wa mlango wa pili, Mthai, anayepunguza suruali za watu kule kwa dobi. Kavaa blauzi ya rangi ya chungwa, rangi ya chama chake. Analia, anacheka. Watoto wameshinda, Mama! Watoto wamewashinda majenerali! Kura yake aliituma kwa posta hadi ubalozini Ottawa. Alikuwa hajapiga kura miaka ishirini.

Kaleta wali wa kunata na embe, tumekula kwa mkono, wote wawili. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi, tunaelewana kuliko wenye digrii. Kanieleza kwa nini analia. Kwao kila mwezi wa nne vijana waliofika miaka ishirini na moja hupangwa mstari, mmojammoja anatia mkono ndani ya chombo. Ukitoa kadi nyeusi unarudi kwa mama yako. Nyekundu, jeshini. Mwaka huu mpwa wake kule Khon Kaen katoa nyekundu, mama yake kaanguka palepale uwanjani. Chama hiki kimeahidi kukifuta kile chombo.

Nazir naye kapiga. Heri ya siku ya mama, Ma — na uso kama kaonja ndimu. Cliff ananung'unika pembeni. Malalamiko yake juu ya uchaguzi wa watu milioni na milioni ni kwamba tangu jana jioni hadi leo jioni bia ilifungwa kupisha kura. Hilo tu ndilo lililomgusa!

Nikamwuliza Nazir: yule mama anayekupikia kampigia kura nani? Hajui. Kwa nini hujui? Ma, hayo hayaulizwi.

Miaka minne anakula mkono wa mtu!

Jumatatu, 15 Mei

Katuma picha ya mstari unaoshuka. Hisa zimeanguka, Ma, umeona? Nikamjibu kwa sauti: zimevunjika mguu? Si zitainuka.

Kumbe linalomwasha zaidi ni kwamba washindi wameahidi kuongeza ujira wa vibarua. Cliff keshapiga hesabu, kifungua kinywa chao kitapanda. Nikamwambia yaani watu wote wale wabaki maskini ili wewe ule yai rahisi?

Jumatano, 7 Juni

Moshi. Misitu ya Quebec inaungua, mji mzima unanuka jivu. Jua jekundu kama kidonda. Nimeshuka kufuata barua, lifti moja mbovu, ya pili inatafakari.

Ndegwa yuko pale chini na barakoa, anafuta vioo ambavyo dakika ile ile vinachafuka tena. Nikamwambia unafanya kazi ya shetani. Akacheka. Shosho — ndivyo kwao wanavyomwita bibi — na ile karatasi? Shafina ananipigia kila siku kuuliza kama umeleta.

Nikamwuliza: wewe ungenishauri nini?

Akasema: mimi ukinipa nitaipeleka ofisini, ndiyo kazi yangu. Lakini usinipe leo. Leo hata barabara huioni, utajuaje unakokwenda?

Huyu Mkikuyu ana akili. Nimeirudisha kwenye droo.

Jumatatu, 26 Juni

Nimepiga kura ya meya. Wagombea mia na wawili! Karatasi ndefu kama sari. Msichana wa kituoni akaniuliza kama nataka msaada. Nikamwambia mwanangu, nimetafuta majina kwenye magunia ya dukani tangu sijaota meno ya ukubwa, nipe kalamu.

Nazir alipoona kwenye habari akafa kwa kucheka. Eti mmoja anagombea pamoja na mbwa wake. Ndiyo demokrasia yako hiyo, Ma!

Ndiyo. Heri mia na wawili na mbwa wao kuliko mmoja na bunduki.

Nilipomwambia hivyo akabadilika, akawa mpole. Akasema: Ma, najua unachoogopa. Hawa si wale wa Uganda waliotufukuza. Hawa wamesoma, wanacheza gofu, wanavaa tai. Baba angeijua tofauti. Baba alikuwa na pua.

Baba alikuwa na pua. Anamsema Bahadur, marehemu mume wangu. Nikasema maharage yangu yanaungua. Hata maharage sikuwa nimebandika.

Alhamisi, 13 Julai

Ya Ali! Wamemnyima.

Nimekaa jikoni kwa Pranee tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ananitafsiria. Bunge lao lilikuwa linamchagua waziri mkuu. Yule kijana wa chungwa ndiye mwenye viti vingi, kwa hiyo ni yeye, si ndivyo? Sivyo. Wapo maseneta mia mbili na hamsini waliokalishwa na askari, hakuna mtu aliyewapigia kura, nao wanachagua vilevile. Mmojammoja anaitwa jina. Wengi hata hapana hawakusema. Eti hawana upande! Mtu mzima, kanzu ya nchi umevaa, unaulizwa ndiyo au hapana, unasema sina upande. Mnafiki ni heri, angalau anajua anachoficha.

Pranee hakulia leo. Alikuwa anashona pindo la suruali ya mtu, kashona mguu wa kulia mara mbili. Nikamwondolea sindano mkononi.

Ijumaa, 14 Julai

Kabla sijatoka kwenda jamatkhana kuswali, Pranee kaja na simu yake. Kasimama mlangoni, nimemkaribisha hakuingia. Kuna kikundi cha wageni wanaokaa Chiang Mai, wanaandikiana kwenye fesibuku. Akanionyesha picha ya mtu. Mama, huyu si mwanao? Picha ukutani kwako ni yeye huyuhuyu.

Ni yeye. Kavaa kofia niliyomfuma mimi.

Kanisomea polepole, kila neno. Mwanangu kaandika: Mungu awabariki maseneta. Watoto wamerudishwa kitandani, sasa uchumi upumue. Na Cliff kaweka kidole gumba. Na wengine mia kadhaa, vidole gumba tu, kama danguro la vidole.

Nikasema: Pranee, mimi si yeye.

Akasema: najua, Mama. Na akaenda zake.

Nimeswali leo bila kujua nasema nini.

Jumapili, 16 Julai

Leo nimemngoja. Hakupiga yeye, nimepiga mimi.

Nimemwanzia na yale aliyoandika. Nani kakufundisha kufurahia mtu kunyang'anywa? Wewe ni nani katika nchi ile? Ardhi chini ya nyumba yako si yako, mgeni haruhusiwi. Kila siku tisini unakwenda kuripoti unakolala, kama mhuni aliyeachiwa kwa dhamana. Mgeni unakula kwa watu halafu unamchagulia mwenye nyumba atandikwe na nani!

Akanijibu kwa utulivu wake ule, eti yeye anaangalia mambo kwa upana, Ma, unaongea kwa hasira. Soko linataka stabiliti. Nchi inaongozwa vizuri, hakuna mtu anayemwogopa mtu.

Vizuri. Nikamwuliza swali moja, la kijinga, la mwanamke wa darasa la nne. Na mfalme wao anasemaje juu ya haya?

Uso wake! Ulitoka rangi. Akanyanyuka, simu ikaonyesha dari, ikaonyesha feni, nikasikia mlango unafungwa. Aliporudi alikuwa ananong'ona. Ma. Hilo usiulize kwenye simu, huku mtu anafungwa kwa hilo. Tafadhali. Yule mama yuko jikoni.

Nikamwambia: sijatukana mtu, nimeuliza.

Ma, tafadhali.

Basi nami nikanong'ona. Nikamwambia Nazir, kama hakuna anayemwogopa mtu, mbona umefunga mlango?

Akasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri kama kioo. Akakata.

Baba yake alinong'ona hivyohivyo miezi kumi na minane, Masaka, ndani ya nyumba yake mwenyewe, redio imefunguliwa juu ili mtumishi asisikie. Siendi. Siendi kuishi mahali mwanangu anafunga mlango kwanza.

Lakini nikisema siendi ataniuliza kwa nini, na nitamwambia kwa sababu ya askari, na atanirudishia Baba yake. Daima ananirudishia Baba yake.

Jumatatu, 17 Julai

Nitaandika, maana hakuna wa kusoma.

Kila Navroz, mwaka mpya wetu, meza imejaa, wajukuu wamekaa, Nazir anasimulia. Januari ya sabini na moja, redio inatangaza jeshi limechukua Uganda. Kampala nzima inacheza mitaani. Wahindi wote wanagawa peremende. Baba peke yake, mlangoni pa duka, Masaka, anasema: askari akiingia sebuleni hatoki kwa kuombwa. Peke yake! Mtu mwenye pua. Aliisimulia hadi kwenye mazishi, mwaka elfu mbili na nne, na jamaa wakatikisa vichwa, nami nikatikisa.

Uongo.

Bahadur alicheza. Alifunga duka saa tano mchana, akafungua soda kwa kila aliyepita. Serikali iliyokuwepo ilikuwa inatubana na leseni zake, kila wiki karatasi mpya, tukaona hawa ni wanaume wa vitendo, sasa biashara itatulia. Ndiyo maneno yake: biashara itatulia. Nikimsikia Nazir anasema soko linataka stabiliti, namsikia marehemu kafufuka na meno yake yote.

Wafanyabiashara wakakubaliana kwenda kuwapongeza askari kambini. Mithai, vitamu vya Kihindi, soda, maua. Ila nani aongee nao? Lugha ya askari ilikuwa Kiswahili. Wahindi wa Masaka walijua Kiganda cha dukani, na Kiswahili cha Bahadur kilikuwa cha kuuzia sukari. Mimi ndiye niliyetoka Muheza, penye Kiswahili. Akasema Dolat, wewe nenda mbele.

Nikakata yadi tatu za kitambaa cha marekani. Nikaandika kwa rangi ya buluu, mkono wangu huu: WAKOMBOZI WETU, MASAKA INAWASHUKURU. Herufi zimenyooka, hakuna kosa. Kila mtu aliisifu hati yangu. Mimi, darasa la nne! Nikasimama mbele ya wanaume wote wale wenye vyeti nikasema maneno matatu manne, nikamvisha sajini shada la maua. Akaniita dada. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikaona fahari, Mungu anisamehe, sijawahi kuona fahari vile tena.

Nazir hakuona. Alikuwa na surua, nilimwacha kwa jirani.

Mwaka uliofuata Amin alitufukuza sote. Njia ya Entebbe vizuizi saba. Kizuizi cha tano askari wakavua bangili za mama yangu mkwe, zikagoma kutoka, wakaleta sabuni. Nikawaomba. Kwa Kiswahili kilekile. Walicheka wakasema huyu Mhindi anaongea vizuri.

Bahadur hakuutunga ule uongo. Kwanza alinyamaza tu. Halafu huku Kanada mtu mmoja akamsifu kwa kumchanganya na mwingine, akaacha. Nami nikaacha. Ulikuwa uongo mzuri, ulimsaidia kulala.

Basi. Nimeandika.

Ijumaa, 4 Agosti

Shafina kaja, leo kapanda hadi juu. Kasimama katikati ya sebule kama dalali. Nazir anakuja mwenyewe kunichukua, tiketi kakata. Nikasema siendi. Akasema Mami, ukianguka bafuni nani atajua? Mimi niko Richmond Hill, saa nzima barabarani. Nikasema Pranee atajua. Akasema Pranee yupi?

Pranee tunakutana kwenye lifti, anaangalia namba zinavyoshuka. Hujambo, Mama. Hujambo, Pranee. Basi.

Karatasi Shafina kaitoa kwenye droo, kaiweka mezani, kaweka na kalamu juu yake. Lazima iende mwezi huu.

Jumamosi, 19 Agosti

Nazir yuko humu tangu jana. Kanenepa. Kaniletea hariri na dawa ya magoti. Kanikumbatia muda mrefu, ana harufu ileile tangu mtoto. Nimemchukia kwa hilo, maana nilikuwa nimejiandaa.

Nikaenda nikagonga kwa Pranee. Nikamwambia mwanangu kaja, nimepika kuku wa nazi, njoo umwambie usoni. Akasema hapana. Nikasema Pranee, mimi sikuombi, nakuamuru, mimi ni mkubwa wako. Akacheka bila kutaka. Kaja.

Nazir akamsalimia kwa Kithai, viganja pamoja, kichwa chini. Pranee akaitikia kwa heshima, kisha akamjibu kwa Kiingereza. Mwanangu akaona haya kidogo. Tukala. Pranee akaeleza habari za mpwa wake, kadi nyekundu, na kwamba ofisa mmoja keshamtoa mazoezini, kijana sasa anamfulia nguo na kumwoshea gari lake. Nazir akasema hayo mabaya, ndiyo, lakini kila jeshi lina watu wabaya. Chama kile kilitaka kuharakisha mno, dada. Nchi haikuwa tayari.

Pranee akasema: mimi nilikuwa tayari.

Nazir akajaza maji vikombe vyote. Halafu — nilijua, nililiona linapanda shingoni — akaanza. Dada, usidhani siwajui askari. Familia yetu ilifukuzwa na askari. Baba yangu, siku ile ya kwanza, watu wote wanacheza, yeye peke yake mlangoni...

Yote. Hadi sebule na kutoka kwa kuombwa.

Pranee kasikiliza kwa adabu. Kisha akamwuliza: sasa baba yako aliwajua siku ya kwanza, wewe mwaka wa nne hujawajua?

Akasema: ndiyo maana nasema hawa ni tofauti. Baba kanifundisha kutofautisha. Akanigeukia. Si ndiyo, Ma?

Pranee akaniangalia. Nazir akaniangalia.

Nikasema: kuku kaisha? Niongeze?

Mimi! Ninayemwita kila mtu mnafiki!

Jumanne, 22 Agosti

Naandika nimesimama jikoni, daftari juu ya friji ndogo.

Nazir hajazoea saa za huku, saa kumi na moja alfajiri keshaamka. Nimemkuta mezani na simu, pembeni karatasi na kalamu palepale alipoviweka Shafina. Saa kumi na mbili na nusu hivi wakamaliza kuhesabu. Thailand wamepata waziri mkuu. Chama cha pili kimewaacha vijana nje, kimeketi na vyama vya majenerali walewale, na maseneta safari hii wamepata upande. Na tajiri wao aliyewahi kupinduliwa na askari, miaka kumi na mitano uhamishoni, karudi kwa ndege yake siku hiyohiyo.

Ukuta wa Pranee uko kimya. Kwa kawaida saa hizi cherehani inalia.

Nazir kaweka simu chini, kanyoosha mgongo. Umeona, Ma? Hakuna damu. Watu wazima wamekaa wamepatana. Sasa biashara itatulia.

Kwa neno lile lile!

Akanisogezea karatasi. Shafina atapita saa nne, Ma. Tumalize. Baba angekuwepo angekwambia nenda.

Nikasema: baba yako ndiye aliyenunua maua.

Maua gani?

Nikamwambia. Sikukaa. Nilisimama nimeshika kiti. Nikamwambia baba yako hakusimama mlangoni peke yake, mlango wenyewe ulikuwa umefungwa, alikuwa barabarani anagawa soda. Nikamwambia mithai kilo kadhaa, maua ya njano kutoka kwa Mgoa wa bustani, gari la kubebea la duka letu. Nikamwambia alivyosema biashara itatulia, na mkono wake ulivyokuwa begani kwangu. Nikamwambia alikuwa mtu mwema, aliwapenda ninyi wanawe, na alikosea kama wewe unavyokosea, kwa sababu ileile, kwa sababu duka lilikuwa linauza. Na vile alivyonong'ona baadaye. Na vile wewe ulivyonong'ona mwezi uliopita.

Nilidhani atapiga kelele. Nilimtaka apige kelele. Alisema tu: lakini Baba alituambia. Nikasema hakuwaambia, aliwaacha mkaamini. Akasema: na mazishini? Ulikuwa umekaa mbele, Ma.

Nikasema ndiyo.

Akaenda bafuni. Maji yakamwagika muda mrefu. Akarudi na uso mbichi, akaketi, akaizima simu kabisa, akaigeuza uso chini. Akaangalia ile karatasi bila kuigusa. Nikaona ameelewa kwamba siendi, na kwamba hilo sasa silo kubwa mezani.

Halafu akasema — kwa Kiswahili, cha mtoto wa Masaka, sijamsikia kukisema tangu ana miaka sita: Na wewe, Ma? Siku ile wewe ulikuwa wapi?

Nikasema ngoja niangalie chai.

Chai imechemka, ikapanda, nikaipunguza, ikapanda tena. Nimeosha vikombe visafi. Nimepanga vijiko. Ningeweza kusema nilikuwa nyumbani nakuuguza, ulikuwa na surua. Angeamini. Anakumbuka surua.

Ananiita. Mara ya pili hii. Nimesema nakuja!

Sasa kaja mwenyewe mpaka mlangoni pa jikoni. Haingii. Anaona naandika. Anasema: Ma, njoo ukae. Hasemi kwa ukali. Angekuwa mkali ningejua la kumjibu.